Kamera Nayo Hupepesa Macho

(Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wapiga picha mjini Kigoma. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaondoa marudio tu.)

Shikamooni wazee wangu. Mwakeye wote. Ndugu zangu, na ninyi wadogo zangu mliofika na kamera shingoni tangu asubuhi, ahsanteni kwa kunisubiri. Najua saa nane ya mchana chini ya bati hapa Kigoma si jambo dogo.

Mlipokuwa mnaingia nilikaa pale nyuma nikisikiliza. Kijana mmoja alikuwa mlangoni anaijaribu kamera yake, anamlenga mwenzake anayeruka kutoka kwenye ngazi. Trrrrrrr! Mwenzake akatua, kamera bado inalia. Kijana akageuza kioo cha nyuma, akasogeza picha kwa kidole, akasogeza, akasogeza, halafu akasema, "Hebu ruka tena." Yule mwenzake ameruka mara nne kwa jua lile. Nilikuwa nimeandika hotuba usiku, ina utangulizi wake mzuri tu, lakini nimeona nianzie hapo mlangoni.

Ule mlio wa kamera inayopiga picha mfululizo kidole kikibaki kwenye kitufe, mimi nauita rashasha, kama bunduki. Na jina hilo si la kuzua. Mwaka 1882 Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, aliyekuwa akichunguza jinsi ndege wanavyoruka, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki kabisa, ina kitako na mtutu, unalenga begani. Ilikuwa inapiga picha 12 kwa sekunde. Kwa hiyo rashasha ni ya zamani kuliko sisi sote humu ndani, ni ya zamani kuliko reli yetu iliyofika Kigoma mwaka 1914. Sijaja kuipiga vita. Nina kamera inayopiga rashasha, na wiki iliyopita nimeitumia. Nimekuja kusema jambo moja, nalo ni kwamba rashasha haioni. Anayeona ni wewe. Ukimwachia yeye kazi ya kuona, atakuletea picha mia mbili na ile moja haimo.

Twende na hesabu kidogo, vumilieni. Wengi tunaamini kwamba kamera ikipiga picha 10 kwa sekunde basi hakuna kitakachoipita. Uwanjani mchana tunaweka shata, yaani lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, kwenye 1/1000, maana yake kila picha inakula sehemu moja ya elfu ya sekunde. Picha kumi zinakula sehemu kumi. Zimebaki 990. Hizo 990 kamera imefumba macho. Katika sekunde nzima ya kelele zile, kamera imeona asilimia 1, na asilimia 99 imepita bila kuonwa na mtu. Sisi binadamu tunapepesa macho na kufumbua. Kamera inafumba, inapepesa kidogo tu kuchungulia, inafumba tena.

Sasa mleteni mchezaji anayepiga shuti. Kiatu na mpira hugusana kwa muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Kati ya picha moja na nyingine, kwenye kamera hiyo ya picha 10, kuna sehemu kumi za mia. Ukiachia rashasha bila kujua lolote, nafasi yako ya kuupata mpira ukiwa umebonyea kwenye kiatu ni kama moja katika kumi. Na mpira ukiondoka kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Picha ya kwanza upo mguuni. Picha ya pili upo karibu mita tatu mbele, na kama lenzi yako ni ndefu, umeshatoka kwenye fremu. Una picha mbili za mtu amenyanyua mguu, moja mpira haujafika, nyingine mpira haupo. Nimeona albamu nzima za namna hiyo.

"Basi nitasubiri nione, ndipo nibonyeze." Hapana, nalo halisaidii. Jicho likiona, akili ikaamua, kidole kikashuka, imekwisha kupita kama moja ya tano ya sekunde, na huo ni mwendo wa mtu mwepesi. Mpira ule ule umesafiri mita tano na nusu. Aliyenifundisha kazi hii, Mungu amrehemu, alikuwa na kamera ya filamu yenye kioo ndani. Kamera zile, picha inapopigwa kioo kinapanda na wewe unaona giza. Alikuwa akiniambia: "Kichwa kikigusa mpira ukakiona kwa macho yako, ujue filamu haikukiona." Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anatania. Picha nzuri ya mchezo ulikuwa huioni wakati unaipiga. Unaiona kabla yake, na unaiona baada ya kuisafisha.

Kuiona kabla. Hapo ndipo nataka nikae.

Nendeni Kibirizi jioni, muwatazame wavuvi wa dagaa wakijiandaa. Mnawajua, baadhi yenu ni wajomba zenu. Mitumbwi miwili imefungwa pamoja, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri. Halafu? Wanasubiri. Dagaa wanakusanyika kwenye mwanga taratibu, na mgebuka nao wanakuja kuwafuata dagaa. Mvuvi anatazama maji. Akivuta wavu mapema, anapata cha kupika nyumbani. Akichelewa, kundi limetawanyika. Hakuna mvuvi anayeshusha na kuvuta, kushusha na kuvuta, usiku kucha akitegemea kwamba mara mojawapo itakuwa ndiyo. Atachoka, ataharibu wavu, na kila akivuta anawatimua wale waliokuwa wanakuja. Yule mtu anasoma dalili. Anajua rangi ya maji inavyobadilika chini ya taa, anajua mapovu. Na mbalamwezi ikiwa kali haendi kabisa, anashona nyavu, kwa sababu anajua mwanga wa mwezi umemshinda nguvu mwanga wa taa yake. Huyo ndiye ninayemtaka ndani ya kila mmoja wenu.

Kila tendo lina dalili yake. Mpiga shuti, msitazame mpira wala mguu wa kupigia, tazameni mguu wa kuegemea. Ukikanyaga chini pembeni mwa mpira, shuti lazima lifuate, na lina muda wake unaojulikana. Kidole chako kianze safari pale mguu wa kuegemea unapotua. Mpiga kichwa, tazama magoti. Yakikunja, ameshaamua, hawezi kughairi. Kipa, tazama mabega, maana mikono inafuata bega. Watoto wanaochupa majini kutoka kwenye omo ya mtumbwi huwa wanafanya kitu kimoja wote, wanavuta pumzi na mabega yanapanda. Ukiona mabega yamepanda, hesabu moja. Hizi dalili hamtazipata kwenye kitabu cha kamera. Zinapatikana kwa kukaa bila kupiga. Nenda uwanjani Lake Tanganyika siku timu ya Mashujaa inacheza, kaa dakika ishirini za kwanza kamera ikiwa mapajani. Utajua winga yule anapenda kukata ndani, utajua beki yule akikabwa anarudisha kwa kipa. Dakika ya ishirini na moja unanyanyua kamera ukiwa unajua kitakachotokea kuliko nusu ya waliokaa jukwaani.

Na kuna zawadi ya maumbile ambayo wapiga picha wengi hawaifahamu. Mtu anaporuka, kadiri anavyopanda mwendo wake unapungua. Kileleni mwendo wa kupanda unaisha, anasimama kitambo, ndipo anaanza kushuka. Fizikia inasema hivi: nusu ya muda wote anaokuwa hewani, anakuwa kwenye robo ya juu ya mruko wake. Tuseme anaruka sentimita 80. Hewani yuko kama sehemu nane za kumi za sekunde, na kati ya hizo, sehemu nne yuko ndani ya zile sentimita 20 za juu kabisa. Yaani mrukaji anakungoja! Amekupa nafasi kubwa kuliko unavyodhani, na pale juu anakuwa ametulia kiasi kwamba hata mwanga ukipungua ukalazimika kushuka hadi shata 1/250, uso wake utatoka safi. Ninyi mnaorekodi ngoma mnalijua hili hata kama hamjawahi kulisema. Wale wapigaji wa Burundi, ambao ngoma yao UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, fimbo ikinyanyuliwa juu kabisa inakaa kidogo kabla ya kushuka, na anayecheza mbele ya ngoma akiruka anatulia juu vilevile. Ngoma ina mapigo, na pigo linarudi. Ukilisikiliza mara tatu, la nne ni lako. Piga picha ya ngoma kwa masikio. Nasema kweli.

Sasa niwaambie kilichonipata, kwa sababu sikuyajua haya kwa kusoma.

Nilianza kazi na filamu ya picha 36. Filamu ya rangi tulikuwa tunaituma Dar kwa treni, inarudi imesafishwa baada ya wiki mbili, na wakati mwingine zaidi. Wiki mbili hujui kama una picha au huna! Kwa hiyo kila nilipobonyeza, nilibonyeza kwa sababu. Picha 36, kamera ya kuzungusha filamu kwa kidole gumba. Nilijiona namudu.

Baadaye nikapata kamera ya kidijitali ya kwanza yenye rashasha ya maana, na nikaipenda mno. Ndani ya mwaka mmoja mkono wangu ulikuwa umesahau kila kitu. Ikaja fainali ya kombe la kata, uwanja umejaa mpaka watu wamepanda miti. Dakika za mwisho, sare ya bao moja kwa moja. Ikapigwa kona. Nikaachia rashasha mpira ukiwa bado angani, nikaishikilia, wachezaji wakagombea, mpira ukagonga mtu, ukarudi juu. Kamera ikanyamaza. Taa nyekundu inawaka, kumbukumbu ya ndani imejaa, inahamisha picha kwenye kadi. Na hapohapo, mita kumi kutoka niliposimama, kijana mmoja akageuka mgongo kwa goli, akajirusha, akapiga tikitaka. Mpira ukazama wavuni. Nilikuwa nabonyeza kitufe na hakipigi picha. Nakumbuka nilikibonyeza kama mtu anayegonga mlango wa hospitali usiku.

Baada ya mechi yule kijana alinifuata, jasho linamtoka, anacheka. "Kaka, ile umeipata?" Nikamwambia ukweli, sikuipata. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi, haidhuru," akaenda kubebwa na wenzake. Hakuwahi kucheza ligi kubwa. Ile ndiyo ilikuwa siku yake, na hana picha yake, na mtu pekee aliyekuwa na kamera nzuri uwanjani alikuwa mimi. Nilikuwa nimepiga picha zaidi ya mia tisa siku ile. Nilipofungua kompyuta usiku nilikuta picha kumi na saba za mpira ukiwa angani peke yake.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma, nalisema kwa moyo wote. Watu wanatukabidhi siku zao. Bibi harusi ana siku moja, na mchezaji wa mtaani ana bao moja.

Kuna gharama nyingine, nizipitie haraka. Picha ghafi moja ya kamera za leo inaweza kuwa na megabaiti 25 au zaidi. Kadi ya gigabaiti 64 inabeba kama 2,500. Kwa kamera ya picha 20 kwa sekunde, hiyo ni rashasha ya dakika mbili na sekunde chache, kadi imejaa. Shata za chuma za kamera nyingi za daraja la kati hutangazwa kustahimili mipigo kama 150,000. Zigawe kwa kumi kwa sekunde, na utaona kwamba uhai wa shata yako ni saa nne na dakika kumi za kukandamiza kitufe. Halafu kuchagua: mteja wa harusi anataka picha Jumatatu, wewe una elfu sita za kupitia, na umeme umekatika. Na kelele. Msibani, kwenye dua, wakati maiti inaswaliwa, usilete ule mlio. Hapa Ujiji watu watakuvumilia mara moja kwa heshima, mara ya pili hutaalikwa.

Turudi kwenye historia kidogo, kwa sababu kuna picha tatu ninazozitazama kila mwaka.

Ya kwanza ni ya farasi. Mwaka 1878, kule California, mpiga picha Eadweard Muybridge alitaka kuonyesha kama farasi akikimbia huwa kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Akapanga kamera safu moja kando ya njia, kila moja na uzi wake umevutwa kukatiza njia. Watu husema huo ndio mwanzo wa picha za mfululizo, ni kweli. Lakini nani alibonyeza? Farasi. Kila alipopita alikata uzi na kamera ya mahali pale ikapiga. Ile safu haikuwa inabahatisha, kila picha iliitwa na mwendo wa mnyama mwenyewe. Na kwato zote nne zilionekana hewani kweli, zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, wakati wachoraji wa siku zile walikuwa wakichora farasi amenyoosha miguu mbele na nyuma.

Ya pili ni ya Paris mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare. Mwanamume anaruka dimbwi, kisigino chake kimebaki upana wa kidole kugusa maji, na kivuli chake kipo chini yake kama pacha. Henri Cartier-Bresson aliipigia kwenye upenyo wa uzio, kwa kamera ndogo ya kuvuta filamu kwa mkono. Kisigino kingegusa maji, mawimbi yangevunja kile kivuli, na picha ingekwisha.

Ya tatu mnaijua wote hata kama hamjui mpigaji. Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, mkono umekunjwa kifuani, anamfokea. Tarehe 25 Mei 1965, mji wa Lewiston, Marekani, raundi ya kwanza. Mpigaji aliitwa Neil Leifer, kijana wa miaka 22. Taa zake za flashi zilitundikwa juu ya ulingo, na flashi kubwa za aina ile zikishalipuka zinahitaji muda kujaza umeme tena. Hakuwa na rashasha hata angeitaka. Na tazameni vizuri kati ya miguu ya Ali: kuna mpiga picha mwingine amekaa upande wa pili, anatazama mgongo wa Ali. Alikuwa mkongwe, wa jarida lilelile. Angekuwa na picha mia kwa sekunde, angepata migongo mia. Kwa hiyo kuwahi wakati ni pamoja na kuwahi mahali. Ukikosea pa kukaa, kidole hakiwezi kukuokoa.

Na niongeze mmoja wa kwetu, ingawa hakuna kuruka wala kupiga. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshazishinda mbio zile, saa nzima na zaidi ilikuwa imepita. Giza limeingia, watu wengi wamekwenda zao. Akhwari anaingia uwanjani anachechemea, mguu umefungwa bendeji, anamaliza wa mwisho. Leo dunia inaukumbuka mguu ule. Ile sura walikuwa nayo wale tu ambao hawakuwa wamefunga mikoba. Wakati mwingine kujua wakati ni kutoondoka.

Dada pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Ameniuliza kabla hatujaanza, na nimemwahidi kujibu hadharani: "Mwalimu, kamera za sasa zinapiga 120 kwa sekunde, na nyingine zinahifadhi picha hata kabla hujabonyeza. Hayo ya dalili si yamepitwa?"

Ni swali la haki, na sitalikwepa. Ni kweli. Sony walitangaza mwishoni mwa 2023 kamera yao ya a9 III inayopiga picha kamili 120 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, pengo kati ya picha na picha ni dogo kuliko muda ambao kiatu kinagusa mpira. Mashine hiyo italipata shuti. Na kule kuhifadhi picha kabla ya kubonyeza kunafidia ile moja ya tano ya sekunde niliyowaeleza. Hesabu yangu ya asilimia 99 kwake inalegea sana. Nakubali, na nafurahi kwamba kitu hicho kipo. Lakini dada yangu, kamera hiyo bado inahitaji iwe imeelekezwa kwa mchezaji sahihi kabla hajaruka. Bado inahitaji uwe upande wa uso na si wa mgongo. Haitakuambia usogee hatua mbili ili ile nguzo ya goli isiote kichwani mwa kipa. Na katika zile 120 za sekunde moja, ni nani atajua kwamba ya 47 ina macho na ya 48 haina? Anayejua ni yule aliyejizoeza kuona. Zaidi ya hapo, niwaombe tuzungumze kuhusu kamera tulizonazo. Humu ndani naona kamera za picha tano, sita kwa sekunde, na simu. Kwa kamera ya picha tano kwa sekunde, rashasha ni kuvuta wavu ovyo.

Kuna mahali naiachia bila kusita. Furukombe anaposhuka kuchukua samaki: huyo simjui atabadili mawazo wapi, na kugusa kwake maji ni kufumba na kufumbua. Namfuata kwa lenzi, nasubiri anyooshe miguu mbele, ndipo naachia. Dalili kwanza, rashasha baadaye. Mpira unaogonga mtu na kubadili njia, hakuna nabii wa kuujua. Picha ya ukoo wenye watu thelathini, piga nne au tano za haraka, maana lazima mmoja atafumba macho. Watoto wadogo. Na mtumbwi wa injini ukipita, ukitaka maji nyuma yake yatoke kama mistari: shata 1/30, unauzungushia kamera kwa mwendo wake, na piga kadhaa, kwa kuwa mkono hutetemeka na nyingi zitaharibika.

Lakini ingieni msitu wa Gombe, hapo kaskazini yetu, muone rashasha inavyofika mwisho. Chini ya miti ile mwanga ni hafifu hata saa sita mchana. Shata ikiwa ya polepole na sokwe anatikisika, picha ishirini kwa sekunde ni picha ishirini zilizofifia. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na ilimchukua miezi mingi sokwe wamruhusu akae karibu. Hugo van Lawick alipokuja kupiga picha mwaka 1962, alipata alichopata kwa sababu uvumilivu ule ulikuwa umeshafungua mlango. Sokwe ana dalili zake kama winga. Manyoya yakisimama, kuna jambo linakuja. Wanaowatembeza wageni pale wanazijua dalili hizo kwa moyo. Kaeni nao, muwaulize. Wapeni chai. Mtajifunza zaidi kuliko kwa kusoma ukurasa wa mipangilio ya kamera.

Mnaniuliza mwende vipi kuanzia kesho. Mimi nilipoumia na ile tikitaka nilifanya hivi: nilizima rashasha miezi sita. Kitufe kimoja, picha moja. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Nilichelewa kila kitu, kila picha ilikuwa ya sekunde iliyopita. Mwezi wa pili nikaanza kuwahi kupita kiasi, mpira haujafika. Hilo ni jema, maana anayewahi anaweza kujizuia, anayechelewa hana cha kurekebisha. Mwezi wa tatu nikaanza kusikia mwenyewe, kabla ya kutazama kioo, kwamba hii nimeipata. Hisia hiyo siwezi kuwaeleza, inakaa kwenye kidole. Baada ya miezi sita nikairudisha rashasha, lakini ya picha tatu tu: kidole kinashuka kwenye wakati, mbili zinazofuata ni za kushuhudia kilichotokea baadaye. Uso wa aliyefunga. Uso wa kipa. Mpaka leo ndivyo ninavyopiga.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Wiki hii mbalamwezi ni kali na wavuvi wengi wamelala majumbani. Jumamosi ijayo giza litakuwa limerudi, nimeongea na wazee wa mwaloni, wametukubalia. Tukutane Kibirizi saa kumi na moja jioni, si mapema. Msifuate ratiba za mwanga za wapiga picha wa Dar. Jua letu linazama kama dakika 40 baada ya lao, na linazama ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, kwa hiyo mvuvi akisimama kati yako na ziwa atatoka mweusi kama kivuli. Amueni mapema kama mnataka kivuli au uso. Kila mmoja atapiga picha 36, kama filamu, haizidi hata moja, mwenye simu naye hivyo hivyo. Rashasha imezimwa. Nitakuwa na daftari, na kabla hujabonyeza utamwambia aliye jirani yako unasubiri nini: mkono ufike wapi, kamba ikaze, mtoto achupe. Akikusikia umesema na picha ikaonyesha ulichosema, mnaniletea naandika.

Njooni na viatu vya kulowa. Watakapoanza kusukuma mitumbwi tutaingia nao majini mpaka magotini.